Bibi Makuti na Filamu Yao

Siku tulipomzika Bibi Makuti, wale watu wa filamu walituma shada la maua. Lilikuja kwa bodaboda kutoka Kisarawe mjini, limefungwa nailoni, na utepe wake umeandikwa "Pumzika Shujaa Wetu, Mama Saidi". Sisi hatuna desturi ya kuweka mashada makaburini, kwa hiyo hakuna aliyejua la kulifanya. Liliegemezwa karibu na mafiga ya wali wa msiba, na kabla wanaume hawajarudi kutoka kuzika, mbuzi wa mwenyekiti walikuwa wamelila lote wakabakiza waya na utepe. Niliona ni sawa. Angekuwapo mwenyewe angewaambia wale mbuzi, "Kuleni, nyinyi angalau mna njaa ya kweli."

Nilikaa naye ua kwa ua pale Mzenga tangu nilipoolewa mpaka nilipofiwa na mume wangu, na baada ya hapo pia. Alikozaliwa na ukoo wake sitaviandika, maana alivitaja mara chache, na kila alipovitaja alikuwa amekasirika. Inatosha kujua kwamba alitoka Msumbiji, upande wa Montepuez, akikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba alipofika kwetu hakuwa na kitu mkononi wala mgongoni. Kisha akajifunza kusuka makuti, akawapita waliomfundisha, na watu wakamwita hivyo.

Kusuka makuti ni kazi ya kukaa chini. Unachanja kuti la mnazi katikati, unaliloweka, unalisuka jani kwa jani, na mikono inakatika huku mdomo hauna kazi. Yeye mdomo wake aliupa kazi. Alimsema kila aliyepita kwenye njia ya stesheni, inayopita mbele ya ua wake. Kijana akipita na simu yenye muziki, atasema, "Huyo amebeba harusi yote mfukoni, bibi harusi tu ndiye hana." Mwenyekiti akipita na koti siku ya jua kali, atamwambia, "Shikamoo sikupi, mimi mkubwa kwako, lakini pole na baridi." Watu walipoanza kuezeka bati, aliwaambia wamejenga masufuria na sasa wanataka kuchemka humo na watoto wao. Halafu bati likiwatoboka, aliwapelekea makuti bure, na akawatukana wakati anayapanga.

Wateja wake wakubwa walikuwa wenye baa. Kibaha kuna baa nyingi za kando ya barabara kuu, na wenye nazo wanapenda vibanda vya makuti kwa sababu wateja wao husema vina upepo wa kijijini. Mtu wa swala tano aliyeezeka nusu ya baa za Kibaha! Shemeji yangu mmoja alimchokoza, "Bibi, huoni unawafunika walevi?" Akajibu bila kuinua macho, "Nafunika vichwa. Chupa mnazifunua wenyewe."

Watoto wa mtaa wote walikula kwake. Hakuwapenda kwa maneno, hakuwabembeleza, na akisikia mama anamchapa mtoto kwa hasira alikwenda kusimama mlangoni pa yule mama, kimya, mpaka fimbo ishuke. Lakini yeye mwenyewe alimchapa Saidi, mwanawe aliyezaliwa hapa hapa Mzenga, mpaka mtoto akawa analala kwangu. Nilimwuliza mbona. Akasema, "Huyu nikimlegezea atazoea kwenda mbali." Saidi alikua akaenda mbali hivyo hivyo, akapata kazi ya ulinzi Dar es Salaam, na kila Idi alirudi na sukari.

Kitu kimoja kilitushangaza wanawake wote. Hakumbeba mtoto mgongoni. Hata mtoto awe anaungua homa, hata njia iwe ndefu kama ya Kurui, yeye alimbeba mbele, kifuani, uso kwa uso, kama mtu aliyebeba kikapu cha mayai. Hata Saidi alimlea hivyo. Wengine walisema ni maringo ya kwao. Mama mkwe wangu alisema ni ushamba. Sikuwahi kumwuliza. Kuna vitu unaona kabisa vina mlango lakini huna ruhusa ya kubisha.

Na jina. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kabatini, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Alipofika alijitambulisha hivyo, akasema yeye ni Mama Atija. Watu wakauliza Atija yuko wapi. Akasema amebaki ng'ambo ya mto. Wazee wakatazamana. Walijua maana ya mtoto kubaki ng'ambo ya mto wakati wa vita, au walidhani wanajua, wakakubaliana kimya kimya kwamba wasimwite jina hilo, wasimtoneshe kidonda. Walifanya kwa huruma. Huruma yao ikamzika mtoto ambaye hakuna aliyeuona mwili wake.

Alipomzaa Saidi watu walifurahi, wakaona sasa jina limepatikana. "Mama Saidi, hodi!" Hakuitika. "Mama Saidi, za asubuhi?" Anakutazama kama unamwita mtu mwingine. Saidi mwenyewe, alipokuwa mkubwa, iliwahi kumuuma. Nilimsikia siku moja uani akisema, "Mama, mimi niko hai, niko mbele yako, kwa nini unanikana?" Akamjibu, "Sikukani. Wewe unajua nilipo. Akija dada yako atamwulizia Mama Atija, na watu wa hapa watamwambia hayupo mtu kama huyo. Atarudi na gari lile lile." Mwishowe sote tukashika Bibi Makuti, jina lisilomwudhi mtu wala kumsaidia mtu.

Ndipo wakaja watu wa filamu.

Walikuja na gari jeupe, wamevaa mabuti kama wanakwenda kuwinda tembo, na Mzenga tembo wetu ni mmoja tu, treni. Mkubwa wao alikuwa dada wa Dar, msomi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukushika mkono wakati anazungumza na kuusahau mkono wako humo. Alisema wanatengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu akina mama walionusurika na watoto wao vitani. Walipitia kwanza kwa mwenyekiti, kama inavyotakiwa. Wakamwuliza, huyu bibi anaitwa nani? Mwenyekiti, kwa kutaka kuonekana anawajua watu wake, akawajibu kwa heshima zote, "Huyo ni Mama Saidi." Wakaandika.

Bibi alikataa mara mbili. Alimwambia yule dada, "Mmechelewa, vita vimekwisha. Nendeni kwenye vinavyoendelea." Mara ya tatu yule dada akasema neno moja lililompata.

"Bibi, filamu hii itaonyeshwa nchi nyingi. Hata kwenu Msumbiji itafika."

Mikono ya Bibi ilisimama. "Itafika Montepuez?"

"Itafika, Bibi. Siku hizi filamu inafika kila mahali."

"Na nikisema jina la mtu, atalisikia?"

"Atalisikia kabisa."

Alikubali kwa ajili hiyo tu. Hakutaka posho, hakutaka soda. Hata wakati ule yule dada alikuwa ameushika mkono wake, na Bibi hakuuondoa.

Siku ya kupiga picha nilipewa kazi ya kufukuza kuku wasipige kelele, ndiyo maana nilishuhudia yote. Bibi alitoka ndani amevaa khanga mpya, ile ambayo Saidi alimletea Idi, na hereni, na wanja. Alikuwa amependeza kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stesheni. Yule dada akamtazama, akatazamana na kijana wa kamera.

"Bibi, umependeza sana. Ila, samahani, huna nguo nyingine ya kawaida zaidi? Ile ya siku zote?"

"Hii ndiyo ya siku ya leo."

"Naelewa, Bibi. Lakini unajua watu wakiona hereni hawatahisi yale mateso."

"Nguo ya mateso niliivaa ikaisha. Mkiitaka kaulizeni Ruvuma."

Wakacheka, wakaona ni utani. Wakamvua hereni hata hivyo. Kisha wakasema makuti yanapiga kelele kwenye mashine ya sauti, asisuke. Akasema asiposuka hasemi. Wakabishana kidogo, akasuka. Kisha wakataka abebe kuni atembee kuelekea porini, akawaonyesha kuni zake zilizojaa jikoni akauliza mtu anakwenda porini kufuata nini. Wakataka abebe mtoto wa jirani mgongoni apite mbele ya kamera. Hapo akasema, "Hapana," na sauti yake ilifanya kijana wa kamera ashushe kamera.

Halafu akasimulia. Alisimulia akisuka, macho kwenye jani, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia.

"Tulifika Ruvuma jua linashuka. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Mwenyewe akasema mtu mzima na mtoto mmoja, hakuna zaidi, mto umejaa. Mimi ninao wawili. Mdogo mgongoni, Atija mkononi. Wifi yangu hakuwa na mtoto. Nikauchukua mkono wa Atija nikautia mkononi mwake, nikasema mtumbwi ukirudi, vukeni. Nikavuka. Nyuma risasi zikalia. Yule mtu akakataa kurudi. Nikakaa pale pale mpaka kukapambazuka, nikatazama ng'ambo. Hakuna mtu. Hakuna maiti pia. Nilitazama vizuri sana, hakuna maiti."

Alisuka jani moja, la pili.

"Ndipo nikamshusha wa mgongoni anyonye. Alikuwa ameshapoa. Sijui alikufa mtoni au alikufa kabla. Mgongo hauna macho."

Niliacha kuku wakapita watakapo. Kumbe mlango ule wa miaka yote ulikuwa huo. Yule dada alikuwa analia machozi halisi, sitamsingizia, na katikati ya machozi alimwuliza kijana wa kamera kwa ishara kama amepata.

Bibi akaweka kuti chini. Mara ya kwanza siku ile akaitazama kamera yenyewe, tena kwa karibu, kama unavyochungulia dirishani kwa mtu. Akasema, "Atija. Mimi mama yako. Una kovu chini ya goti la kushoto, ulimwagikiwa uji nyumbani kwa bibi yako. Wifi yangu alikuwa na mwanya. Mimi niko Tanzania, Kisarawe, kijiji cha Mzenga. Panda treni, shuka stesheni, fuata njia ya kulia, uliza Mama Atija anayesuka makuti." Akarudia yote kwa Kimakua, pole pole. Kisha akachukua hereni zake, akazivaa, akaingia ndani.

Siku ile hakulia hata kidogo, na jambo hilo liliwasumbua, maana kesho yake walirudi wakauliza kama anaweza kusimulia tena "kwa hisia zaidi". Aliwatuma kwa mama mmoja wa upande wa pili ambaye hulia hata kuku wake akitaga.

Filamu ilipokamilika tulialikwa Kibaha. Walituletea kosta, tukapanda wanawake wa Mzenga tumevaa sare. Bibi alikaa mbele na dereva, hereni masikioni. Njiani alinionyesha paa za baa zake na kukosoa zilizoezekwa na wengine. "Ile itavuja kabla ya masika. Hiyo nayo ni sega la nyuki." Sikumbuki siku nyingine aliyochangamka hivyo.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa, kama viti navyo vinaolewa. Palikuwa na sambusa, maji ya chupa, na mgeni rasmi aliyechelewa kama kawaida yao, kisha akatumia muda mrefu kueleza kwamba hatazungumza sana. Alisema mama ni mama. Watu wakapiga makofi. Akasema vita si kitu kizuri. Wakapiga tena.

Taa zikazimwa. Jina la filamu lilikuwa la Kiingereza, hakuna wa Mzenga aliyeliweza. Mzenga yetu ilionekana kame, maana walikuja wakati wa kiangazi, na walimpiga picha Bibi kwa nyuma akitembea, picha waliyoiiba akienda chooni, wakaiwekea muziki wa huzuni. Chini ya uso wake kukaandikwa: Mama Saidi. Nilimsikia Bibi akivuta pumzi. Lakini alitulia, alikuwa anangoja.

Mto ukaja. Mtumbwi ukaja. Yule mtoto wa mgongoni akafa, ukumbi ukalia. Muziki ukapanda, wakamrudisha tena yule mtoto, akafa mara ya pili, safari hii polepole. Kisha jua likachwea nyuma ya migomba ambayo si ya Mzenga, majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda, marefu kama treni ya mizigo, na taa zikawaka.

Basi. Walimchukua mtoto aliyekufa wakamwacha anayeweza kuwa hai.

Yule dada alikuja na kipaza sauti, amefura macho, akapiga goti mbele ya Bibi. "Mama Saidi, Bibi yetu, una neno lolote la kutuambia?"

Bibi akakishika kipaza sauti kama shingo ya kuku. "Atija yuko wapi?"

Yule dada akasogeza kipaza pembeni, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa kiti cha pili. "Bibi, kile kipande kilikuwa kirefu. Halafu kingechanganya watazamaji. Tumeshaandika Mama Saidi, halafu wewe unasema Mama Atija. Watu wangeuliza, huyo Atija ni nani tena?"

"Ndivyo nilivyotaka," Bibi akasema. "Waulize."

Sasa mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa, hakuwa amesikia mnong'ono. Alichosikia ni bibi mmoja anauliza Atija yuko wapi. Akakichukua kipaza chake kwa uchangamfu, akatangaza ukumbi mzima, mpaka nje kwenye spika: "Jamani, tusikilizane! Kuna mtoto anaitwa Atija! Atija! Mama yako anakutafuta huku mbele! Atija, popote ulipo, njoo kwa mama yako!"

Watu wakacheka, wakageuka kutazama ni mtoto gani amepotea kwenye sambusa. Mgeni rasmi naye akacheka, akitikisa tumbo.

Na Bibi akatazama mlangoni.

Nilimwona. Aligeuza shingo yote, akatazama ule mlango uliojaa mwanga, na hakuurudisha uso upesi. Wale wasomi wote walikuja na mashine za kunasa uso wa mama, na uso wenyewe ulipokuja, kamera zilikuwa zinampiga picha mgeni rasmi akila.

Tukarudi na kosta ile ile. Bibi hakukosoa paa hata moja.

Baada ya hapo filamu ilizunguka. Saidi aliiona kwenye simu, akajivuna, kisha akaona aibu kwamba amejivuna. Vijana wakaanza kumwita Mama Saidi kwa kelele, wakidhani wanampa sifa, na wageni wawili watatu walikuja kupiga naye picha. Walikuta mtu asiyeitika. Wakaondoka wakisema umaarufu umempanda kichwani. Mwenyekiti alipendekeza njia ya stesheni iitwe Njia ya Mama Saidi. Namshukuru Mungu hawakupata rangi ya kibao.

Mara ya mwisho kumwona amekaa, kifua kilikuwa kimeshamshika. Nilimpelekea uji wa muhogo. Nilisimama nje ya ua kama siku zote, nikasema:

"Hodi, Bibi Makuti."

"Hayupo."

"Bibi, ni mimi, nimekuletea uji."

"Nimesema huyo hayupo."

Nikasikia makuti yakichakarika ndani ya ua. Nilisimama na bakuli langu linaniunguza vidole. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Hata msiba wa mume wangu watu walisema sikulia vya kutosha. Nikasema polepole, karibu na ule ukuta wa makuti, jina ambalo wazee wetu walimnyima kwa huruma na wasomi wakamnyima kwa kubana muda.

"Hodi, Mama Atija."

Makuti yakanyamaza.

"Sijasikia," akasema. "Tena si hapo. Rudi kule njiani, useme kama mtu aliyeshuka kwenye treni."

Nikaliweka bakuli chini, nikaenda njiani. Wauza mkaa walikuwa wanapita na baiskeli zao, mwenyekiti na koti lake alikuwa dukani, wanawake walikuwa kisimani na ndoo. Wote walinigeukia nilipopaza sauti, maana hawakuwahi kuisikia.

"Hodi jamani! Kwa Mama Atija ni wapi?"

Nyuma ya ule ukuta akaitikia kwa nguvu, sauti changa kabisa, ambayo miaka yote hakuwa amepata mtu wa kumpa.

"Abee! Ni hapa. Pita, mwanangu, hujapotea."